Bao Likihama, Nani Ahama Nalo?

Sisi watu wa pwani tukisikia neno Manga, mawazo yetu hukimbilia baharini. Manga kwetu ni Arabuni, na hasa Omani. Ndiko walikotoka Wamanga, na ndiko tulikonasibisha pilipili manga, komamanga na njiwa manga. Zamani za majahazi, mtu akiaga kwamba aenda Manga, nduguze walimwombea pepo njema na salama ya mawimbi.

Lakini, ndugu msomaji, iko Manga nyingine isiyonusa chumvi ya bahari hata chembe. Ni Manga ya bara, Manga ya Wagusii, katika Kaunti ya Nyamira, si mbali na mji wa Kisii. Huko Manga ni jina la mwinuko mrefu wa miamba, uliosimama kama ukuta juu ya mashamba. Siku ya mbingu safi, aliyesimama juu yake hutupa jicho akaliona Ziwa Victoria na upande wa Kisumu. Chini yake ni migomba, michai na mahindi, na nyumba zimekaribiana kwa sababu ardhi ni haba na watu ni wengi.

Nimezikutanisha Manga hizi mbili katika ukurasa wa leo kwa ajili ya jambo moja ambalo wengi hulidharau, nalo ni michezo. Si mpira wala riadha. Nasema michezo ya kukaa: bao, sataranji, na hata hizi mashine za picha zinazowaka taa, ambazo vijana wameziganda kama kupe. Siku hizi watu wanahama. Nyumba za kale zinabomolewa, maghorofa yanasimama, na aliyekuwa na vyombo vya kuchezea nyumbani mwake hulazimika kuvibeba na kuvitafutia mahali papya. Hapo ndipo lizukapo swali langu: mchezo ukihamishwa, huwa kimehama nini hasa? Ni chombo, ni kanuni zake, au ni watu?

KUHAMA NDIYO MAANA YAKE

Waarabu mchezo wa jamii ya bao huuita manqala. Aliyekaa chuoni na kuonja sarufi kidogo ataliona shina la neno hilo mara moja. Ni naqala, yaani kuhamisha kitu kutoka hapa kukipeleka pale. Kwa hiyo manqala ni mahali pa kuhamishia. Katika shina hilo hilo sisi Waswahili tumepata neno nakala, na kitendo cha kunakili, kwa kuwa anayenakili maandishi huyahamisha kutoka karatasi hii hadi ile.

Basi mchezo huu jina lake lenyewe ni kuhama. Kete huokotwa katika shimo moja zikasambazwa katika mengine, moja moja, mpaka mkono ukawa mtupu. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla 32, na kete 64, ambazo kwa desturi ni komwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kwanza watu hunamua, na zikishaisha za mkononi huingia mtaji. Na miongoni mwa mashimo yote liko moja lenye heshima ya peke yake, aghalabu huchongwa la mraba. Shimo hilo huitwa nyumba. Mwanzoni nyumba huwa na kete 6, na mwenyewe huilinda kama mtu alindavyo mlango wake. Ikifika saa ya kuitoa na kuisambaza, wachezaji husema nyumba imekwenda safari.

Tazama hekima ya wazee! Ndani ya mchezo waliweka nyumba, na nyumba wakaipa ruhusa ya kusafiri. Ila mchezaji mjuzi haipeleki nyumba yake safari kwa pupa. Huuliza kwanza: nikishaisambaza, nitapata nini, na nitabaki na nini? Laiti sisi tunaohama nyumba za mawe na matofali tungekuwa tunauliza hivyo.

MANGA YA KWANZA

Huko Omani uko mchezo uitwao hawalis. Ni bao la safu 4, ila kila safu ina mashimo 7. Kwa desturi ya ulimwengu wa Kiarabu hili ni jambo la ajabu, maana bao la Misri na la Shamu ni la safu 2. Bao la safu 4 ni la Afrika ya mashariki na kusini: ni letu Waswahili, ni omweso wa Waganda, ni igisoro ya Wanyarwanda. Mtaalamu wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, aliyeandika kitabu juu ya mabingwa wa bao wa Unguja mwaka 1995, baadaye aliutafiti pia mchezo huo wa Omani na jinsi ulivyoenea.

Sasa fikiri, ndugu yangu. Kwa karne nyingi baina ya Maskati na Unguja, baina ya Suri na Lamu, watu walikwenda na kurudi. Walihamisha tende, chumvi, boriti na karafuu. Walihamisha pia, na hili ni doa lisilofutika, wanadamu wenzao katika utumwa. Na mchezo wa safu 4 ukajikuta ng'ambo ya pili ya bahari. Mchezo huo hauhitaji gogo la kuchonga wala sanduku la kupakia. Mwenye kuujua akifika mahali penye mchanga huchimba mashimo kwa vidole, akaokota vijiwe, akamwita jirani. Alichokibeba kilikuwa kichwani.

Huku ndiko kuhama kwa namna ya kwanza: chombo kimebaki, mtu amekwenda na mchezo umekwenda naye. Manga ya bahari imetufunza hilo.

MABAO YASIYOBEBEKA

Kutoka Mombasa kwenda Kisii, njia ya Nairobi na Nakuru, msafiri hupita karibu na kilima kiitwacho Hyrax Hill, kando ya mji wa Nakuru. Hapo mwaka 1937 Mary Leakey alianza kuchimba mabaki ya watu wa kale, na leo pana makumbusho madogo. Katika miamba ya kilima hicho yako mabao yaliyochongwa mwambani kwenyewe, safu kwa safu za mashimo, yamelainika kwa mikono ya watu.

Mabao hayo hayahamishiki. Watu wake waliondoka na ng'ombe wao na moto wao, na lugha yao ikanyamaza mahali hapo, lakini mashimo yamebakia wazi yakikusanya maji ya mvua. Mtalii hupiga picha, mwanafunzi huhesabu mashimo, kisha wote huenda zao. Chombo kipo kizima, hakikuvunjika wala kuibiwa. Kinachokosekana ni wawili wa kukaa ana kwa ana.

Huku ndiko kuhama kwa namna ya pili: mtu amekwenda, chombo kimebaki, na mchezo umetoweka baina yao.

MANGA YA PILI

Turudi sasa Gusii. Watu wa dunia wanaijua Kisii kwa jiwe lake, lile laini ambalo Waingereza huliita jiwe la sabuni. Huchimbwa Tabaka, kusini-magharibi ya mji wa Kisii. Liko jeupe, liko la waridi, liko la kijivu na la rangi ya manjano. Likiwa na unyevu hukatika kwa panga na kisu. Kwa kawaida wanaume huchimba na kuchonga, na wanawake husugua kwa msasa na maji, wakaosha, wakapaka nta mpaka likang'aa. Kazi ya mikono ya watu wa huko imefika mbali. Ndege wa amani aliyechongwa na Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, amesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Katika jiwe hilo mafundi huchonga pia vyombo vya michezo. Ukipita katika maduka ya vinyago Nairobi au Mombasa utaona seti za sataranji, askari weupe kwa wa waridi, na utaona mabao ya safu 2, mfano wa ajua wanayoicheza majirani zao Wajaluo. Ni vitu vizuri mno, na mikono iliyovifanya inastahili shukrani na malipo zaidi ya yanayoifikia. Lakini wengi wa wanaovinunua huvifunga katika magazeti, wakavipakia ndegeni, wakaenda kuviweka juu ya kabati la sebuleni huko Ulaya. Huko bao huwa pambo. Hupanguswa vumbi Jumamosi, kete zake zikahesabiwa zisipotee, na hakuna anayezihamisha.

Huu ndio kuhama kwa namna ya tatu, nao ni mbaya kuliko wote: chombo kimesafiri, ila hakikusafiri na mtu wala na kanuni.

Wagusii wenyewe walionja uchungu wa jambo hili mapema. Zamani vijana wao wa kiume walikaa katika kambi za ng'ombe zilizoitwa ebisarate. Huko walilinda mifugo dhidi ya wavamizi, na huko ndiko kijana alikoishi na wenzake mpaka akafikia kuwa mtu mzima. Waingereza walikuja na bunduki mwaka 1905, wakarudi tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa wao Northcote. Katika miaka ya 1910 serikali hiyo ya kikoloni ikazivunja ebisarate, na vijana wakaamriwa kurudi majumbani. Ng'ombe walihamishwa, na wavulana pia. Lakini ule mkusanyiko wa vijana peke yao, ambao ndio shule ya kila mchezo na kila ujasiri, haukupewa chumba kipya. Kitu kikivunjwa bila ya kutengenezewa badala, pengo lake hujazwa na cho chote kitakachopita njiani.

MASHINE ZA SARAFU

Wako watu duniani, hasa Marekani, Uingereza na Japani, ambao hukusanya nyumbani mwao zile mashine kubwa za michezo ya picha zilizokuwa zikitumbukizwa sarafu. Mashine ya Pong ilitoka mwaka 1972. Yasimuliwa kwamba ile ya kwanza, iliyowekwa katika baa moja ya Sunnyvale, California, ilisita kufanya kazi baada ya siku chache, na fundi alipoifungua akakuta kisa ni sarafu zilizofurika chomboni. Mwaka 1978 Wajapani wakatoa Space Invaders, na mwaka 1980 Pac-Man. Kwa miaka kadhaa vijana walifurika katika kumbi zenye giza na taa za rangi. Baadaye mashine ndogo za nyumbani zilipokuwa na nguvu, kumbi nyingi zilifungwa, na mashine zikauzwa kwa bei ya kuni. Ndipo wapenzi walipozinunua na kuzipeleka majumbani.

Anayehama na mashine hizo ana kazi. Moja peke yake huweza kupita kilo 100. Aghalabu haipiti mlangoni mpaka ipimwe na igeuzwe, na pengine mlango ung'olewe. Sanduku lake mara nyingi ni la mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi, nazo zikipata unyevu huvimba na kumong'onyoka, kwa hiyo mvua za Gusii na jasho la ukuta wa Mombasa ni maadui zake sawasawa. Kioo chake ni cha televisheni ya kizamani, chenye kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Asiyekuwa fundi asitie mkono. Tena mashine ya Marekani hunywa umeme wa volti 120 na ya Japani volti 100, ilhali wetu wa Kenya ni 240. Bila ya transfoma huungua mara moja.

Hayo yote yana dawa. Kuna kamba, kuna mkokoteni, kuna fundi. Lakini wakusanyaji hao wana maradhi mengine yasiyotibiwa na fundi. Chumba kinakamilika, taa zinawaka, mashine 10 zimepangwa safu, na mwenye nyumba anasimama peke yake katikati. Ukumbi wa zamani haukupendwa kwa ajili ya mashine tu. Ulipendwa kwa ajili ya wale waliosimama nyuma ya mchezaji: yule ashangiliaye, yule akosoaye, yule aliyeweka sarafu yake juu ya kioo kungoja zamu. Kwa lugha yetu ukumbi ule ulikuwa ni baraza. Na baraza likiingizwa chumba cha ndani likafungiwa mlango, si baraza tena.

Ndio maana huona taabu kuwalaani vijana wetu wanaojazana katika vibanda vya gemu, Mombasa, Kisii na kwingineko, wakilipia mchezo mmoja mmoja. Wawili hushika vidude mkononi, na sita husimama nyuma wakitoa ushauri wasioombwa. Mimi hutazama nikaona sura niijuayo. Ndivyo walivyokuwa wazee baina ya Alasiri na Magharibi: wawili mbele ya bao, na wanane wakipiga kelele, "La, la, usiguse nyumba!" Kijana hakutoroka baraza. Alikuta baraza limebomolewa, akatafuta jingine.

KAMARI SI MCHEZO

Hapa yanipasa kutenganisha chuya na mchele, maana wako watakaosema kwamba mashine ni mashine, na sarafu ni sarafu.

Mwaka 1942 Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alipiga marufuku mashine za gololi, zile ambazo mtu huvuta springi na gololi ikarukaruka baina ya misumari na kengele. Alizivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Hoja yake ilikuwa ni kwamba huo ni mchezo wa bahati, na nyuma yake wamo wahuni. Marufuku yale yalidumu mpaka mwaka 1976, alipoitwa kijana mmoja mbele ya baraza la mji aoneshe kwamba mashine hizo zahitaji ujuzi wa mkono na jicho.

Kwetu Kenya, mwaka 2018 Serikali ilizisaka na kuziteketeza mashine za kamari zilizokuwa zimetapakaa madukani mpaka vijijini, watoto wakitumbukiza humo pesa za chakula. Waziri aliyesimamia msako ule, Fred Matiang'i, ni mwenyeji wa Nyamira. Wala sikusikia mzazi aliyelia kwa majonzi ya mashine hizo.

Tofauti iko wapi? Wanazuoni wetu waliipambanua kabla ya umeme kuzaliwa. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki katika karne ya 16, katika kitabu chake Tuhfat al-Muhtaj kinachotegemewa mno na sisi Mashafi, ameweka mizani. Mchezo unaotegemea hesabu na fikira hauwi haramu, na mfano mmoja alioutaja ni huo huo manqala, wa mashimo na vijiwe vinavyohamishwa kwa hesabu. Ama mchezo unaotegemea kubahatisha, kama wa dadu, huo ni haramu. Na hata ulio halali una masharti: pasiwekwe dau, Sala isipitwe na wakati, na ulimi usitoke katika adabu.

Basi mzazi asiulize kama chombo kina waya au hakina. Aulize: mwanangu hapa anahesabu, au anabahatisha? Analipia zamu ya kucheza, au ananunua tamaa? Mwadhini akiita, anasikia? Kwa mizani hiyo bao lenye dau ni baya, japo ni la babu, na mchezo wa picha usio na dau huenda ukawa hauna ubaya, japo umetoka Japani juzi.

VITU ZAIDI YA 32,000

Liko kusanyo jingine lililohamishwa, tena kubwa. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishirikiana na wasanii wa Nairobi na makumbusho za Ujerumani katika mradi wa kuvitafuta vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Waliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Mwaka 2021 walifanya maonesho Nairobi, Cologne na Frankfurt, na miongoni mwa mambo yaliyotazamwa Nairobi ni makabati ya vioo yaliyokuwa matupu. Kabati tupu lilikuwa ndiyo habari yenyewe.

Mimi naunga mkono vitu virudi. Lakini najiuliza lipi litatokea siku vitakapoteremshwa bandarini au uwanja wa ndege. Kitu kikitoka katika kabati la Frankfurt kikaingia katika kabati la Nairobi, kimehama kabati. Bado hakijarudi nyumbani. Ngoma hurudi siku inapopigwa, na bao hurudi siku linapochezwa. Na kama katika ile miaka 100 ya kungoja sisi wenyewe tumesahau kanuni, tutakuwa kama mtu aliyerudishiwa ufunguo baada ya nyumba kuanguka.

MWENYE KUHAMA AFANYEJE

Sasa turejee kwa mtu mmoja mmoja, maana taifa ni nyumba nyingi. Mtu wa Manga anayefanya kazi Nairobi, Mombasa au Marekani hujenga kwao nyumba mpya ya matofali, ukumbi mpana, madirisha ya vioo. Mtu wa Mji wa Kale naye huuza nyumba yenye baraza akapanda ghorofa ya tatu, Kizingo au Nyali. Kila mmoja ana sanduku la michezo: bao la mzee, sataranji ya jiwe la Kisii, pengine mashine ya watoto. Nina maneno manne kwao.

La kwanza, kabla ya kufunga sanduku, andika. Andika jina la mchezo kwa lugha ya aliyeucheza, idadi ya kete, namna ya kuanza, na lililo halali na lisilo halali ndani yake. Hiyo ndiyo nakala. Wenzetu wa mashine wametutangulia. Mwaka 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa programu iitwayo MAME, ambayo huuwezesha mchezo ulionakiliwa kutoka katika mashine kongwe kuchezwa katika kompyuta ya kawaida. Sanduku likioza, mchezo haufi. Ikiwa Pac-Man amefanyiwa ihsani hiyo, bao la babu yako limekosa nini?

La pili, nakala haitoshi. Katika utafiti wa de Voogt huko Unguja alipatikana bingwa aliyeweza kucheza bao bila kulitazama, mashimo 32 na kete 64 zote akiziona kichwani. Ujuzi wa namna hiyo hauingii karatasini. Huingia kwa mtoto aliyekaa ubavuni mwa mjuzi miaka na miaka, akishindwa kila siku. Basi ukihama, mhamishe na mzee. Kama hakai nawe, mlipie nauli aje Ijumaa baada ya Sala.

La tatu, chombo usikipe ukuta, kipe mkeka. Bao lililotundikwa limekwisha kufa, hata lingepakwa nta ya namna gani. Katika nyumba mpya tenga pembe moja yenye mwanga, jamvi, na nafasi ya watu sita wasiocheza. Nasema sita wasiocheza kwa makusudi, kwani mchezo huishi kwa watazamaji wake.

La nne, acha mlango wazi. Baraza la pwani lilikuwa nje ya nyumba kwa hekima: mpita njia aliketi bila kuwasumbua wa ndani, na stara ya nyumba ikahifadhika. Maghorofa yetu hayana pahali pa namna hiyo. Mjenzi huhesabu vyumba vya kupangisha, na baraza halilipi kodi. Lakini wakazi wa ghorofa moja wakikubaliana, ukumbi wa chini penye ngazi unatosha. Kule Gusii, ambako ebisarate haziwezi kurudi, kivuli cha uwanjani mbele ya nyumba mpya kinatosha. Madrasa na shule nazo zina varanda zinazolala bure jioni.

Watu wa Manga ya bahari walitufundisha kwamba mchezo unaweza kuvuka mawimbi bila ya ubao. Watu wa Manga ya milima wanaishi karibu na jiwe linaloweza kuchongwa likawa ubao wa kudumu miaka 1,000. Aliyejaaliwa vyote viwili, ubao wa kudumu na kichwa kinachokumbuka, naye akakosa tu kumwita jirani, amejinyima kwa mkono wake. Nami nafunga kwa ubeti mmoja, apendaye auongeze:

Bao ukilihamisha, na wachezaji wahame,
Chumba ukikisafisha, jamvi nalo lisikome,
Watoto kuwafundisha, kete zao wazisome,
Bao bila ya jamaa, ni gogo lililo kimya.